Uwanja wa Maduka Donholm: Kiraka, Zege Jipya au Kabro?

Mwenye ploti ya maduka Donholm, Nairobi, akiita mafundi watatu waangalie uwanja uliopasuka, ataachiwa bei tatu zisizokaribiana. Wa kwanza atataka elfu ishirini na kitu azibe mashimo. Wa pili atasema amwage tabaka jipya juu ya lile kuukuu, laki moja na nusu au zaidi kidogo. Wa tatu atazungukazunguka, akanyage hapa na pale, kisha aseme yote ivunjwe, udongo utolewe, iwekwe kabro, vile vipande vya zege vya kupangwa, na bei yake itapita nusu milioni. Huenda hakuna hata mmoja anayemdanganya. Wanauza kazi tatu tofauti, na hakuna kati yao aliyeona kilicho chini ya zege.

Rai yangu ni hii: kabla ya kulinganisha bei za mafundi, lipia shimo. Tafuta mahali uwanja ulipodidimia zaidi, kata mraba wa nusu mita kwa nusu mita, uchimbe hadi ukutane na mwamba, maramu ngumu au udongo mweusi. Kazi hiyo ni ya vibarua wawili na tindo kwa siku moja. Utakachokiona humo ndicho kitakachokuambia ni bei ipi kati ya zile tatu iliyo rahisi kweli.

Nasema hivi kwa sababu ya mahali penyewe. Donholm, kama sehemu kubwa ya Eastlands na Embakasi, imekaa juu ya udongo mweusi wa mfinyanzi, ule unaonata kwenye viatu Aprili na kupasuka mianya ya kuingiza vidole Februari. Udongo huo hufura ukinywa maji na kusinyaa ukikauka. Zamani hapa palikuwa shamba, na Jogoo Road ya leo iliitwa Doonholm Road enzi za ukoloni. Kwa malisho udongo ule haukuwa na taabu. Taabu ilianza nyumba zilipojengwa kwa ajili ya kulala familia moja, kisha polepole mbele yake pakaongezwa duka, juu yake orofa, na uani pakawa maegesho. Zege lililomwagwa likanyagwe na watoto na gari moja dogo sasa linabeba lori la soda, pikipiki za gesi na bodaboda mchana kutwa. Mara nyingi lilimwagwa juu ya mawe machache yaliyotandazwa moja kwa moja kwenye ule udongo mweusi.

Nairobi hupata mvua mara mbili kwa mwaka, masika ya Machi hadi Mei na vuli ya Oktoba hadi Desemba. Kila mwaka, basi, uwanja wa namna hiyo huinuliwa mara mbili na kushushwa mara mbili. Zege halipindiki, likisukumwa kutoka chini hupasuka. Ufa ukishafunguka, maji ya mvua inayofuata huteremka humo humo, udongo ukafura zaidi pale pale, na tairi la lori likamalizia kazi. Mvua za Aprili na Mei 2024, zilizoleta mafuriko makubwa Nairobi, ziliwaonyesha wengi jambo hilo kwa wiki chache tu.

Maji basi yanahitaji kuchunguzwa pamoja na udongo. Mwaga ndoo kadhaa juu ya uwanja, utazame yanakokwenda. Uwanja mzuri hushuka walau sentimita 1 kwa kila mita 1 kuelekea mtaroni. Ukiona maji yanatuama mbele ya milango, au bomba la gata linamwaga kando ya ukuta, au tangi la paa linafurika kila usiku wa mgao wa maji na kuloanisha kona ile ile, umepata chanzo ambacho hakuna fundi wa zege atakayekitibu. Kurefusha bomba la gata hadi mtaroni ni gharama ndogo kuliko kiraka kimoja, na kuna viwanja ambavyo hiyo peke yake hupunguza nusu ya tatizo.

Kisha pima nyufa. Kadi ya benki ina unene wa karibu milimita 0.8. Ufa usioweza kuingiza hata ukingo wa kadi, na ambao pande zake mbili ziko sawa, kwa kawaida ni wa zege kukauka na kusinyaa lilipokuwa changa. Hauhitaji zaidi ya kuzibwa maji yasiingie. Ufa unaomeza kadi, au ambao upande mmoja umepanda juu ya mwingine, unatokana na udongo ulioondoka chini. Ukitaka kujua kama bado unatembea, paka kipande cha plasta kinachovuka ufa, andika tarehe juu yake, ukiangalie mvua zikishapita. Plasta ikikatika, ufa uko hai, na ufa ulio hai haukubali simiti. Utapasuka tena kando ya kiraka. Huo hutiwa dawa inayonyumbuka kama mpira, ya poliyurethani, inayouzwa kwenye mirija hadwea kubwa na maduka ya kemikali za ujenzi Industrial Area. Mwisho, tembea na kipande cha chuma ukigonga kila hatua. Panapolia wazi kama debe, zege limeachana na kilicho chini yake.

Sasa hesabu. Nachukua uwanja wa mita za mraba 200, yaani mbele ya safu ya maduka matano au sita pamoja na njia ya gari. Bei nitakazotumia ni za mfano. Simiti, mchanga na kokoto hupanda na kushuka, kwa hiyo weka bei za hadwea yako mahali pa zangu. Vipimo havibadiliki.

Zege la kawaida la uwanja, kipimo kimoja cha simiti kwa viwili vya mchanga na vinne vya kokoto, hula takriban mifuko 6.4 ya kilo 50 kwa kila mita ya ujazo, pamoja na karibu tani 0.7 za mchanga na tani 1.3 za kokoto. Tuseme mfuko ni shilingi 750, tani ya mchanga 2,500 na ya kokoto 2,200. Mita moja ya ujazo inakuwa shilingi 9,410, na ukiongeza asilimia 10 ya kumwagika na kupotea inafika kama 10,350. Uwanja wetu ukimwagwa unene wa milimita 100 unahitaji mita 20 za ujazo, yaani mifuko 128 ya simiti na vifaa vya shilingi 207,000 hivi. Ongeza waya wa BRC. Rola ya kawaida yenye upana wa mita 2.1 na urefu wa mita 48 hufunika mita za mraba 100 na kidogo, na kwa kuwa vipande lazima vipandane, rola mbili hazitoshi. Tatu kwa 25,000 kila moja ni 75,000. Kazi ya mkono, tuseme 250 kwa mita ya mraba, ni 50,000. Tabaka la juu, basi, ni shilingi 332,000.

Kabro ya mstatili wa sentimita 20 kwa 10 huenda vipande 50 kwa mita ya mraba, kwa hiyo uwanja unahitaji vipande 10,000. Kwa bei ya mfano ya 1,100 kwa mita ya mraba, unene wa milimita 80, ni 220,000. Weka 40,000 za mawe ya ukingo na vumbi la machimbo la kulalia, na 50,000 za kupanga na kushindilia. Jumla 310,000.

Tazama jinsi bei hizo mbili zilivyokaribiana. Watu hubishana wiki nzima kabro au zege, na tofauti ni elfu ishirini na mbili. Pesa halisi iko chini.

Kuvunja zege kuukuu na kulibeba, weka 54,000. Ikiwa shimo lako limeonyesha udongo mweusi, na umeamua kuutoa kwa kina cha milimita 600 tu, hizo ni mita 120 za ujazo ardhini. Ukishachimbuliwa udongo hutanuka, ukafika kama mita 156, ambazo ni tipa 13 za mita 12 kila moja. Kwa 8,000 kila safari ni 104,000. Halafu shimo hilo lijazwe mawe, yale mafundi wanayoyaita hadikoo, na maramu iliyoshindiliwa kwa matabaka. Tipa 13 nyingine, kwa 15,000 ni 195,000. Chini peke yake ni 299,000. Zege kamili linafika 685,000 na kabro kamili 663,000, na katika hizo, karibu nusu ni kwa ajili ya kitu ambacho mteja wa duka hatakiona kamwe. Ndiyo maana fundi anayeogopa kukosa kazi huiacha nje ya bei yake.

Lakini shimo likionyesha maramu ngumu au mwamba, zile 299,000 zinaondoka zote. Zege jipya linashuka hadi 386,000, kabro 364,000, na hata kiraka kinakuwa uamuzi wa busara. Mara nyingi jibu huwa mchanganyiko. Mwamba Nairobi haulali sawasawa, na ploti moja inaweza kuwa na kina cha magoti upande huu na kina cha kiuno upande ule. Kama ni mita za mraba 60 tu zinazodidimia kati ya 200, kuchimba na kujaza hapo tu ni kama 90,000. Shimo la pili na la tatu la uchunguzi litajilipa mara nyingi.

Bei ya pili, ya kumwaga juu ya lile kuukuu, ndiyo ninayoionea wasiwasi zaidi, kwa sababu inavutia. Milimita 50 juu ya uwanja mzima ni mita 10 za ujazo, 103,500 za vifaa. Ukiweka gundi ya kushikanisha matabaka na kazi ya mkono, unafika kama 160,000. Kwa wiki kadhaa uwanja unang'aa. Ila udongo wa chini uko vile vile, na ufa wa zamani utajitokeza juu, mahali pale pale, kabla ya mwaka kwisha. Isitoshe, umepandisha uwanja sentimita 5 kuelekea milango ya maduka. Ziko ploti Eastlands ambako tabaka limewekwa juu ya tabaka mpaka uwanja ukawa juu kuliko sakafu za ndani, na kila mvua ikija wapangaji wanaweka magunia ya mchanga mlangoni. Karibu na barabara zilizojengwa upya, kama Outer Ring Road iliyopanuliwa kuwa njia pacha, pima kwanza urefu wa barabara na mtaro kabla ya kupandisha chochote, maana maji yakikosa pa kutokea yatarudi ndani. Tabaka la juu lina mahali pake. Linafaa pale zege la chini ni zima, limechakaa uso tu, na milango ina nafasi.

Na kiraka? Kiraka kimepewa jina baya na viraka vibaya. Anayemwaga simiti laini ndani ya shimo lenye vumbi, akailainisha pembeni mpaka iwe nyembamba kama karatasi, amekula pesa yako. Zile kingo nyembamba zitabanduka wiki ya kwanza. Kiraka cha kweli hukatwa kwa grainda pande nne, mraba, kingo zikisimama wima. Zege bovu huchongwa lote mpaka lifikiwe zima. Vumbi hufagiwa na kuoshwa, zege la kando hulowanishwa likae na unyevu bila maji kutuama, hupakwa uji mzito wa simiti, na hapo hapo, kabla uji haujakauka, zege jipya huingizwa na kushindiliwa. Vyuma vikionekana, kutu husuguliwa yote, hata upande wa nyuma wa chuma. Viraka 8 vya mita moja ya mraba kila kimoja, unene wa milimita 100, vinahitaji zege la mita 0.8 tu za ujazo, vifaa vya shilingi 8,300. Bei iliyobaki unalipia mikono, mawe ya grainda na muda, na ni haki.

Kuna kipimo kimoja kinachoweza kumsaidia mtu anayesita. Ikiwa unalipa 25,000 za viraka baada ya masika na nyingine baada ya vuli, unatoa 50,000 kwa mwaka. Kwa miaka sita umelipa 300,000, ambayo ndiyo bei ya kutoa udongo mweusi wote na kujaza mawe katika hesabu yetu. Umelipia msingi na hujaupata. Lakini kama viraka vyako vinakaa miaka mitatu bila kuguswa, endelea navyo bila aibu.

Turudi kwenye kabro na zege, kwa kuwa bei zimekaribiana na lazima kitu kingine kiamue. Kwa uwanja wa mbele ya maduka Donholm, mimi ningechagua kabro. Ardhi ikicheza kidogo, kabro hufuata bila kupasuka, na panapodidimia unang'oa vipande, unajaza, unavirudisha vile vile. Bomba la maji likipasuka, au watu wa intaneti wakihitaji kupitisha waya, hakuna kovu litakalobaki. La pili ni muda. Zege linahitaji siku 7 bila gari dogo, na lori lisubiri hadi siku 28, wakati nguvu yake imekamilika kiasi cha kutegemewa. Kabro ikishashindiliwa na mchanga kufagiwa mianyani, gari linapita siku hiyo hiyo. Mwenye ploti haioni gharama ya kusubiri kwenye bei ya fundi, lakini mwenye duka la jumla au la gesi anaiona kila asubuhi mlango wake ukifungwa. Ukilazimika kumwaga zege, mwaga nusu uwanja kwanza ili watu wapate pa kupita.

Zege lina ushindi wake. Mahali pa kuoshea magari, gereji, na nyuma ya bucha panapooshwa kila jioni, maji na mafuta hupenya mianya ya kabro na kulainisha kilicho chini. Hapo zege zito lenye mteremko na mtaro wake ni bora. Kwa lami nitasema neno moja tu: kwa eneo dogo gharama ya kuleta mashine na lami ya moto huifanya ghali, na dizeli inayodondoka huiyeyusha.

Ukichagua kabro, usinunue kwa macho. Milimita 60 ni ya watu na magari madogo, lori likiingia chukua 80. Kipande cha sentimita 20 kwa 10 chenye unene wa milimita 80, kikiwa kimeshindiliwa vizuri, kina uzito wa kilo 3.5 au zaidi, na cha 60 kama kilo 2.7. Peleka kipande kwenye mizani ya bucha iliyo kwenye ploti yako, upime. Chepesi kina hewa ndani. Vigonganishe viwili, visikie vinalia kwa sauti kavu. Vunja kimoja utazame kokoto zimeenea au zimekaa upande mmoja. Muuzaji anayekataa kipande kimoja kivunjwe, achana naye.

Ukichagua zege, simamia mambo matatu. La kwanza ni mchanga. Mwingi unaouzwa Nairobi hutoka mito ya Machakos, Kajiado na Makueni, na kaunti ya Makueni ilitunga sheria ya kudhibiti uchotaji wake mwaka 2015, kwa hiyo mchanga safi una bei na mchafu una wauzaji. Tia mchanga nusu chupa ya wazi, ongeza maji, tikisa, acha utulie. Tope litakalojikusanya juu lisizidi kama asilimia 8 ya mchanga. Mchanga wenye tope hula nguvu ya simiti hata uongeze mifuko mingapi.

La pili ni maji ya kuchanganyia. Mfuko wa kilo 50 unataka lita 25 hadi 30, yaani mtungi mmoja wa lita 20 na robo, au na nusu. Vibarua hupenda zege linalotiririka kwa sababu ni jepesi kusukuma, na kila mtungi wa ziada unaacha matundu yatakayobaki maji yakikauka. Mteue mtu mmoja asimame hapo na kazi yake iwe kuhesabu mitungi. Simiti yenyewe chagua ya daraja la 42.5 kwa uwanja wa magari. Ile ya 32.5 inatosha plasta na kuta. Zikitofautiana shilingi 100 kwa mfuko, mifuko 128 inaongeza 12,800 tu. Viwanda viko Athi River, karibu hapa, kwa hiyo mfuko mkavu usio na mabonge si jambo la kubembeleza.

La tatu, na ndilo linalosahauliwa kuliko yote, ni kulinywesha zege baada ya kumwagwa. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, jua lake ni kali na hewa yake kavu Januari na Februari, na zege likikauka upesi hupasuka kabla halijakomaa. Funika kwa magunia au nailoni, loanisha kwa siku 7. Mgao wa maji ukiangukia wiki hiyo, nunua maji ya bauza. Iandike hiyo bauza ndani ya bei tangu mwanzo, ili fundi asiwe na sababu. Kesho yake asubuhi, kabla zege halijapasuka lenyewe popote linapotaka, likatwe mistari kwa grainda kila baada ya mita 3, kina cha milimita 25. Zege litapasuka tu, hilo halizuiliki, na mstari hulielekeza pa kupasukia.

Paa nalo ni uso wa zege, ingawa hakuna anayelihesabu. Majengo mengi ya Eastlands yana vyuma vilivyoachwa vikisimama juu ya slabu vikingoja orofa nyingine. Mombasa chumvi ya bahari hula vyuma hivyo upesi. Nairobi huchukua muda, lakini maji hushuka navyo hadi ndani ya nguzo, kutu ikavimba, na plasta ya dari ya duka la chini ikaanguka. Kama orofa haiji hivi karibuni, vyuma visuguliwe na kufunikwa kwa zege hafifu litakalovunjwa baadaye, na slabu ipewe mteremko kabla ya kupakwa dawa yoyote ya kuzuia maji. Dawa juu ya slabu inayotuamisha maji ni pesa iliyotupwa.

Limebaki suala la nani alipe na kwa karatasi gani. Mpangaji wa duka asiye na mkataba wa maandishi, au mwenye mkataba usiozidi miaka 5, kwa kawaida analindwa na Sura ya 301 ya sheria za Kenya. Mwenye ploti hawezi kuweka kabro mwezi huu na kuongeza kodi mwezi ujao. Lazima atoe notisi rasmi ya angalau miezi miwili, na mpangaji anaweza kuipinga mbele ya baraza la kodi za majengo ya biashara. Hivyo mipango ya kurudisha gharama kupitia kodi ianze kabla ya kuita tipa. Kwa upande mwingine, Sura ya 34 ya sheria hizo inamwajibisha anayekalia au kusimamia mahali kuwakinga wageni wake dhidi ya madhara. Mteja akijikwaa kwenye ufa uliopanda na kuvunjika mkono, kiraka cha elfu tatu ambacho hakikuwekwa kinaweza kugeuka kesi.

Fundi wa mtaani ukimpa kazi ya mkono na kununua vifaa mwenyewe ni nafuu, na kwa viraka ni sawa kabisa. Kwa kuvunja na kujaza uwanja mzima, tafuta mkandarasi aliyesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, ambayo huwapanga kuanzia daraja la NCA 1 hadi NCA 8. Kazi ya ukubwa huu haihitaji wa daraja la juu. Atakutoza VAT ya asilimia 16 ikiwa amesajiliwa, na hiyo inaonekana ghali mpaka ukumbuke kodi ya mapato. Tangu Januari 2024, gharama ya biashara isiyo na ankara ya kielektroniki ya eTIMS kwa kawaida haikubaliwi na mamlaka ya mapato, KRA, kupunguza mapato unayotozwa kodi. Risiti ya kuandikwa kwa kalamu, basi, ina bei yake iliyofichika. Mwulize mhasibu pia kazi itahesabiwaje: kurudisha uwanja katika hali yake ni matengenezo, kujenga kitu kipya ni mtaji, na hivyo viwili havitozwi namna moja.

Miezi mizuri ya kumwaga zege ni Julai hadi Septemba, ardhi ikiwa imekauka na jua halijawa kali. Itisha bei Juni, na kila fundi umwonyeshe shimo lile lile ili wote walinganishe kitu kimoja. Katika mkataba, zuia asilimia 10 ya malipo hadi mvua za vuli ziishe. Desemba mwisho, pitia uwanja tena na chuma chako cha kugongea na plasta zenye tarehe. Kama ni mzima, mlipe fundi salio lake.